Mary Macarthur: kwa nini mtetezi wa wafua minyororo hakufika bungeni?

*“Shikamoo mwalimu. Naishi Dudley, Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Tawi letu la chama cha wafanyakazi limeniomba nizungumze kidogo kwenye mkutano wa akina mama kuhusu Mary Macarthur, maana sanamu yake ipo Cradley Heath, si mbali na tunapoishi. Nimeuliza watu nikazidi kuchanganyikiwa. Mmoja ananiambia alikuwa mbunge wa kwanza mwanamke nchini humu. Mwingine anasema hapana, aligombea akaangushwa, tena na wanawake walewale aliowapigania mshahara, kwa sababu waume zao waliwakataza kumpa kura. Wa tatu anasema alikuwa bibi tajiri wa Kiingereza aliyekuwa akifanya hisani. Ukweli ni upi? Na kama sheria ya mshahara ilikuwepo tayari, kwa nini ilibidi wagome? Nauliza hilo la mwisho kwa sababu hata mimi lina uhusiano na jambo langu. Kampuni tunayofanyia kazi imetuletea karatasi tusaini kwamba tunakubali kutolipwa muda wa kusafiri kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine. Wengi wamesaini, mimi bado. Kibali changu cha kuishi hapa kinategemea kazi hii, naogopa.”*

Marahaba dada yangu, na pole kwa hofu uliyo nayo. Karatasi hiyo usiisaini kwanza. Nitaifikia nikifika mwaka 1910, kwa sababu karatasi ya namna hiyo ndiyo iliyowatoa wanawake wa Cradley Heath kwenye nyundo zao, na ukiielewa yao utaielewa na yako. Maswali yako mengine yana majibu yaliyo wazi, ila watu uliowauliza kila mmoja ameshika kipande kimoja akakikuza.

Tuanze na sanamu. Mwanamke unayemwona pale si Mary Macarthur. Ni mfua minyororo asiye na jina, amesimamishwa kwa niaba ya wote waliogoma mwaka 1910. Bustani anamosimama ndiyo yenye jina la Macarthur. Yeye mwenyewe hakuwahi kufua chuma, na hili liseme waziwazi siku ya mkutano, kwa sababu ukimfanya yeye mfua minyororo unawafuta wale waliofua.

Wala hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Glasgow, Agosti 1880. Baba yake, John Duncan Macarthur, alikuwa na duka la vitambaa, na baadaye familia ikahamia Ayr, mji wa pwani kusini-magharibi mwa Uskoti. Binti alisomeshwa vizuri, akapelekwa hata Ujerumani kusoma, kisha akarudi kumwekea baba yake vitabu vya hesabu za biashara. Kwa hiyo yule rafiki yako wa tatu hakukosea kila kitu. Mary alitoka nyumba yenye nafasi, na tena nyumba ya mwajiri. Nyumba hiyo ilikuwa ya wahafidhina, na yeye mwenyewe alianza huko huko, akipenda uandishi na akitamani kuishi kwa kalamu.

Kilichombadilisha ni mkutano mmoja. Mnamo mwaka 1901 wahudumu wa maduka wa Ayr waliitana kuanzisha tawi la chama chao. Mary alikwenda kama mtu wa kuandika habari, na hakwenda kwa nia njema. Alitarajia kuandika kitu cha kuwachekelea. Msemaji, John Turner, akaeleza jinsi wahudumu wa maduka walivyokuwa wakitendewa na waajiri wao. Msichana aliyekuwa akiijua biashara ya duka kutoka upande wa mwenye duka akasikia upande wa pili, na akaona kuwa anachokisikia ni kweli. Alijiunga na tawi, na haikuchukua muda akawa ndiye anayeliongoza. Mwaka 1902 alikutana na Margaret Bondfield, kiongozi wa chama hicho ambaye miaka mingi baadaye, mwaka 1929, alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Uingereza. Urafiki wao ulidumu hadi kifo. Mwaka 1903 Mary aliondoka Ayr akaenda London, na huko akapewa ukatibu wa Umoja wa Vyama vya Wafanyakazi Wanawake. Alikuwa na miaka 23.

Hapa naomba unisikilize polepole, kwa sababu bila kuelewa alichokikuta London huwezi kueleza chochote kilichofuata. Ule umoja ulikuwa mwavuli wa vyama. Ukiwa mwanamke na una chama, chama chako kinaingia chini ya mwavuli. Lakini wanawake wengi hawakuwa na chama. Vyama vingi vya wanaume viliwafungia mlango, na kazi zao nyingi zilifanywa nyumbani, mmojammoja, bila mtu kujua mwenzake analipwa kiasi gani. Macarthur aliliona tatizo hilo kama duara: wanawake wanalipwa kidogo kwa sababu hawana umoja, na hawana umoja kwa sababu wanalipwa kidogo. Mtu anayepata shilingi tano kwa wiki ana watoto wa kulisha; ada ya chama ataitoa wapi? Na chama chenye wanachama wa namna hiyo kikigoma, hazina yake itawalisha siku ngapi?

Jibu lake lilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza, mwaka 1906 alianzisha Shirikisho la Taifa la Wafanyakazi Wanawake, chama kimoja kikubwa cha wanawake wa kazi zozote ambazo hazikuwa na pa kuingilia, chenye hazina moja ya mgomo, ili mshonaji wa London na mfua minyororo wa Cradley Heath waweze kubebana. Upande wa pili, alitaka dola iweke kima cha chini cha mshahara kwa sheria katika kazi zile ambazo umoja peke yake usingeweza kuanza. Wako waliomlaumu kwa hili la pili. Walisema mshahara ni wa kupigania, si wa kuombea serikalini. Mimi naona alisoma hali sawasawa. Kuna unyonge ambao mtu hawezi kujinasua nao bila mahali pa kukanyagia, na sheria ilikuwa mahali pa kukanyagia.

Basi sheria yenyewe haikuwa yake peke yake, na usimpe sifa hiyo. Mwaka 1906 gazeti la Daily News liliandaa maonyesho London ambapo watu wenye nafasi walipita wakiwaona kwa macho yao wanawake wanaotengeneza visanduku, maua ya bandia na nguo, pamoja na malipo yao yalivyo. Wengine, akiwemo mbunge Charles Dilke, walikuwa wamepeleka miswada bungeni miaka mingi kabla. Macarthur alizunguka, akaandika, akatoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge mwaka 1908. Mwaka 1909, Winston Churchill akiwa ndiye waziri wa biashara, bunge likapitisha Sheria ya Bodi za Kazi. Ilianza na kazi nne tu: ushonaji wa nguo za jumla, utengenezaji wa visanduku, umaliziaji wa lesi, na ufuaji wa minyororo.

Sasa twende Cradley Heath. Wanaume walifua minyororo mikubwa, mingi viwandani. Wanawake walifua midogo, kwa nyundo ya mkono, katika vibanda vya uhunzi vilivyokuwa nyuma ya nyumba. Dalali anakuletea vyuma vilivyopimwa. Unavipasha moto, unakata, unakunja, unaunga pete moja baada ya nyingine, watoto wako wakiwa hapo hapo. Mwisho wa wiki anachukua mnyororo naye anaupima. Makaa ni gharama yako. Kwa wiki ya saa zaidi ya 50 wengi walipata shilingi tano au sita. Bodi ya kazi hiyo iliketi, wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi wakabishana kwa miezi, na mwaka 1910 wakatangaza kima: peni mbili na nusu kwa saa. Kwa wiki ya saa 54 hizo ni peni 135, na kwa kuwa shilingi ya wakati ule ilikuwa na peni 12, ni shilingi 11 na peni 3. Kwa wanawake wengi mshahara ulikuwa umeongezeka maradufu kwenye karatasi.

Umeuliza kwa nini wagome ikiwa sheria ipo. Ni kwa sababu sheria ilikuwa na mlango wa nyuma. Kima kilipotangazwa hakikuwa cha lazima papo hapo. Kulikuwa na miezi sita ambamo mfanyakazi, akikubali kwa maandishi, angeweza kuendelea kulipwa chini ya kima. Ukisoma haraka utaona ni jambo dogo. Lakini waajiri waliisoma kwa makini. Wakachapisha karatasi za kukubali, wakazigawa kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma, wakawaambia weka alama hapa. Mpango ulikuwa kurundika minyororo ghalani kwa miezi sita kwa malipo ya zamani, ili siku kima kitakapokuwa cha lazima waajiri wawe na bidhaa ya kutosha, wasihitaji kutoa kazi, na wanawake warudi wenyewe wakiomba chochote.

Macarthur aliukuta mchezo huo na akaujibu kwa njia moja tu iliyokuwepo: msisaini, na aliyekwisha kusaini ajiondoe. Agosti 1910 waliokataa karatasi walinyimwa chuma. Wanawake wapatao 800 wakawa hawana kazi. Ndiyo maana wanahistoria wengine wanakuita huku kufungiwa kazi na wengine mgomo. Vyote viwili ni kweli kwa kadiri yake.

Jambo alilolifanya vizuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuona kwamba adui wa mgomo huo alikuwa njaa ya asiyekuwa mwanachama. Mwanachama analipwa posho ya mgomo. Jirani yake asiye mwanachama halipwi, watoto wake wanalia, dalali anamgongea mlango usiku. Akikubali yeye, wote wamekwisha. Kwa hiyo hazina ya mgomo iliwasaidia na wasio wanachama. Fedha ilitoka wapi? Macarthur alikuwa mwandishi, akijua habari inavyosafiri. Aliwachukua wafua minyororo wazee akawasimamisha kwenye mikutano wakiwa wamebeba minyororo yao. Mmoja, Patience Round, alikuwa na miaka 79. Kampuni ya Pathé ilipiga picha za sinema za mgomo, na zikaonyeshwa kwenye kumbi nchini kote. Michango ikamiminika, karibu pauni 4,000. Mwajiri aliyekubali kulipa kima aliandikwa kwenye orodha nyeupe, na kazi kwake ikaendelea. Orodha ikarefuka wiki baada ya wiki, na tarehe 22 Oktoba 1910, baada ya wiki kumi, mwajiri wa mwisho alikubali kulipa kima.

Sasa karatasi yako. Nchini Uingereza leo, chini ya sheria ya kima cha chini ya mwaka 1998, huwezi kusaini kuacha kima cha chini cha mshahara. Hata ukisaini mara kumi, saini hiyo haina nguvu. Ule mlango wa nyuma wa 1910 umezibwa. Na muda wa kusafiri kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine unahesabiwa kuwa muda wa kazi unapopimwa kima hicho. Safari ya asubuhi kutoka kwako kwenda kwa mzee wa kwanza, na ya jioni kurudi kwako, kwa kawaida hazihesabiwi.

Lakini nisikudanganye kwamba umeshinda tayari. Sheria haimlazimishi mwajiri kuandika mstari wa malipo ya safari peke yake. Inachotazama ni hesabu nzima: chukua malipo yako ya msingi kwa kipindi cha mshahara, gawanya kwa saa zote za kazi pamoja na zile za kusafiri kati ya wazee. Ukipata kiwango kilicho chini ya kima cha chini cha mwaka huu, umepunjwa, na karatasi haimwokoi mwajiri. Ukipata kilicho juu, huenda kampuni haijavunja sheria hiyo, na hapo linabaki suala la mkataba wako unasemaje na la kujadiliana kupitia chama. Kwa hiyo kabla ya yote andika safari zako kwenye daftari: umetoka kwa nani saa ngapi, umefika kwa nani saa ngapi. Fanya hivyo kwa kipindi kizima cha mshahara, na tunza hati za malipo. Si kila karatasi ni mtego pia. Ile ya kukubali kufanya zaidi ya wastani wa saa 48 kwa wiki, kwa mfano, ni halali ikiwa umeisaini kwa hiari, na unaweza kuifuta kwa kutoa taarifa. Karatasi inasomwa, ndipo inahukumiwa.

Kuhusu kibali, hapa ndipo ushauri wa mbali unapofika mwisho. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi si kosa la uhamiaji, na sheria inamkataza mwajiri kukufukuza kwa sababu hiyo. Lakini hofu yako ni ya haki, maana mwenye kudhamini kibali ana mkono mrefu hata asipoutumia. Hofu ya wanawake wa 1910 ilikuwa njaa, yako ni kibali, nami sitakwambia uwe jasiri kutoka huku nilipo. Mpelekee mwakilishi wa chama chenu karatasi hiyo wiki hii hii, nakala yake na si maelezo ya mdomo tu. Piga simu Acas, taasisi ya umma ya ushauri wa mambo ya kazi, ushauri wao ni bure. Kuhusu kibali chenyewe muone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, ana kwa ana, naye akisome. Usifuate maneno ya kwenye magrupu ya WhatsApp hata yakitoka kwa mtu unayemheshimu. Na usingoje sana. Muda wa kufungua madai kwenye baraza la kazi ni mfupi, unahesabiwa kwa miezi tangu siku uliyopunjwa. Wenzako waliokwisha saini uwaambie nao waje. Hawajapoteza haki yao.

Narudi kwenye ubunge. Mary Macarthur hakuwahi kuwa mbunge. Aligombea mara moja, Desemba 1918, kwa tiketi ya chama cha Labour katika jimbo la Stourbridge, akashika nafasi ya pili nyuma ya Mliberali John Wilson. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, katika uchaguzi huo huo, alikuwa Constance Markievicz wa Ireland. Alikuwa gerezani wakati huo, na kwa msimamo wa chama chake cha Sinn Féin, kilichotaka Ireland ijitenge na Uingereza, hakwenda kuchukua kiti. Wa kwanza kukaa bungeni alikuwa Nancy Astor, mwishoni mwa 1919. Wanawake 17 waligombea mwaka 1918, na kati yao Markievicz peke yake ndiye aliyepita.

Je, wafua minyororo walimwangusha? Hadithi hiyo naichukia kidogo, maana inawatwisha wanawake maskini lawama ya kitu ambacho kina sababu nyingine zinazoonekana. Tazama ramani kwanza. Cradley Heath ya wakati huo ilikuwa upande wa mkoa wa Staffordshire, ndani ya Rowley Regis. Stourbridge lilikuwa jimbo la uchaguzi katika mkoa wa Worcestershire. Ukivuka mto Stour unaingia Cradley, jina linalofanana lakini mji mwingine, na huko ndiko jimbo lake lilikokuwa. Wafua minyororo walikuwepo pande zote mbili, kwa hiyo baadhi walikuwa wapiga kura wake, lakini mji wa mgomo wenyewe haukuwa na kura ya kumpa. Na upande ule wa Staffordshire, katika jimbo jirani la Kingswinford, Charles Sitch, kijana aliyeandaa mgomo wa 1910 pamoja naye, aligombea kwa Labour siku hiyo hiyo akachaguliwa.

La pili ni nani alikuwa na kura. Sheria ya Februari 1918 iliwapa kura wanaume wote kuanzia miaka 21, lakini wanawake waliopewa ni wa miaka 30 na zaidi, tena wenye nyumba au pango linalostahili, au wake wa wenye sifa hizo. Wasichana wa viwandani aliowaandaa, wale wa Bermondsey, London, waliogoma kwa maelfu mwaka 1911, wale wa viwanda vya silaha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wengi wao hawakuwa na kura popote nchini. Macarthur aliliona hilo mapema. Yeye hakuwa na wale waliodai kura kwa wanawake wenye mali kwanza. Alidai kura kwa kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, na alilaumiwa kwa kudai kikubwa mno. Kuhusu waume kuwakataza wake zao, kura ni ya siri, dada. Hakuna awezaye kukuambia mke wa nani aliweka alama wapi.

La tatu ni vita. Uchaguzi ulifanyika tarehe 14 Desemba, wiki chache baada ya silaha kunyamaza Novemba 11. Macarthur na mumewe, William Anderson, Mskoti mwenzake na mbunge wa Sheffield, walikuwa wameipinga vita. Waziri mkuu Lloyd George aliwapa wagombea wake barua ya kuungwa mkono, na Stourbridge barua hiyo ilikwenda kwa mtu wa tatu, Victor Fisher, aliyekuja akijiita mtetezi wa wafanyakazi wazalendo na kumshambulia Macarthur kwa msimamo wake. Kura za wafanyakazi zikagawanyika. Nchi nzima waliosimama pale aliposimama walianguka: Ramsay MacDonald na Philip Snowden, viongozi wa Labour, na Anderson mwenyewe. MacDonald huyo huyo akawa waziri mkuu mwaka 1924.

Na kuna jambo la jina. Msimamizi wa uchaguzi alikataa kuandika Mary Macarthur kwenye karatasi ya kura. Akaandika Mrs W. C. Anderson, jina la mume. Watu walimjua kwa miaka 15 kama Mary Macarthur. Jina hilo ndilo lililokuwa kwenye mabango ya mgomo na kwenye magazeti. Fikiria mpiga kura asiyesoma kwa wepesi ameingia kwenye kibanda akalitafuta asilione. Sidhani hilo peke yake lilimnyima kiti. Lakini lilikuwa dhuluma. Aidha, wanawake waliruhusiwa kugombea kwa sheria ya tarehe 21 Novemba, siku 23 tu kabla ya kura.

Usimfanye malaika lakini. Ulizungumzie na lile ambalo akina mama wa tawi lenu watalitilia shaka. Mwaka 1915 shirikisho lake lilikubaliana na chama cha wanaume mafundi mitambo kwamba wanawake walioingia kwenye kazi za wanaume wakati wa vita wataondoka vita ikiisha. Alipata kitu kwa kubadilishana: uungaji mkono wa wanaume katika kudai mshahara wa haki kwa wanawake hao. Pengine bila hilo wasingepata lolote. Hata hivyo vita ilipoisha wanawake kwa maelfu walitolewa viwandani, na makubaliano hayo yalikuwa yamekwisha kuwafungia mlango kabla hawajaulizwa. Kwangu hilo ndilo deni lake kubwa zaidi, kubwa kuliko kushindwa uchaguzi.

Miaka iliyobaki ilikuwa michache. Anderson alifariki Februari 1919 kwa homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima, akamwachia binti mdogo aliyezaliwa 1915. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amefariki wakati wa kuzaliwa. Mwaka huo wa 1919 Macarthur alisafiri na Bondfield hadi Washington, ambako wanawake wafanyakazi wa nchi mbalimbali walikutana, wakati Shirika la Kazi Duniani likifanya mkutano wake wa kwanza na kupitisha mkataba wa kulinda wanawake wanaojifungua. Saratani ilimchukua tarehe 1 Januari 1921, akiwa na miaka 40. Wakati huo huo shirikisho lake lilikuwa likiungana na chama kikubwa cha wafanyakazi wa jumla, ambacho baada ya miungano mingine leo kinaitwa GMB. Kama tawi lenu ni la GMB, basi mnazungumza habari za ukoo wenu.

Kwa maandalizi yako, huna haja ya kwenda mbali. Fedha iliyobaki katika hazina ya mgomo ilijenga ukumbi wa wafanyakazi Cradley Heath, uliofunguliwa mwaka 1912. Jengo hilo lilibomolewa kwa uangalifu likajengwa upya ndani ya makumbusho ya Black Country, ambayo yako hapo Dudley. Nenda na wenzako wawili watatu siku ya mapumziko, mkaingie na vibanda vya wafua minyororo, mmuulize mhunzi wa maonyesho pete moja inachukua muda gani. Ukitaka nyaraka zenyewe, maktaba ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi iliyo katika chuo kikuu cha London Metropolitan ina mikusanyo mizuri, na wasimamizi wake huwajibu watu wa kawaida wanaoandika. Katika mazungumzo yako ningeanza na zile karatasi za kukubali za 1910, kabla ya Glasgow na kabla ya uchaguzi, kisha ningewauliza waliopo ni nani kati yao ameletewa karatasi ya kusaini mwaka huu.